UZI: Watoto wetu wananakili kila siku. Wataandika lini?

Mwalimu wa Kata

Wanajamvi, habari za jioni. Naona mjadala wa matokeo ya mitihani umepamba moto tena, na kama kawaida lawama zimeshagawanywa: mzazi hafuatilii, mwalimu hafundishi, mtoto anashinda kwenye simu. Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kabla sijahamia sekondari, kwa hiyo watoto hawa nimewaona wakiwa darasa la tatu na nimewaona tena wakiwa kidato cha tatu. Kuna jambo sijaona likiguswa, naomba tulijadili kwa utulivu. Shule zetu zinampa mtoto nafasi kubwa ya kutamka na kunakili, na nafasi ndogo mno ya kusoma na kuandika.

Chukua daftari la mtoto wa darasa la sita, hata la mwanao. Lifungue. Kurasa zimejaa: tarehe imepigiwa mstari, kichwa cha habari, maelezo, zoezi, vema za wino mwekundu. Sasa tafuta humo sentensi moja ambayo mtoto ameitunga mwenyewe, ambayo haikuwepo ubaoni wala kitabuni. Unaweza kufika jalada la nyuma hujaiona. Huyu mtoto ameshika kalamu miaka sita, kidole kimeota sugu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ana lipi la kusema.

Kusoma nako ni hivyo hivyo. Herufi za Kiswahili hazina hila. Ukishaimudu ba be bi bo bu, ukaongeza mb, ny, dh na ng', unaweza kutamka neno lolote, hata usilolijua maana. Urahisi huo unatuficha mengi. Mtoto anasimama na kitabu, anasoma aya nzima bila kukwama, wenzake wanampigia makofi, mwalimu anaandika "anasoma vizuri". Muulize: yule mzee alikataa kuuza shamba kwa nini? Anainamia kitabu upya, ndiyo kwanza anatafuta huyo mzee yuko wapi. Kuna wengine hata hawatazami maandishi. Aya wameshaimeza kwa kuisikia kwa wenzao watano waliotangulia.

Mwaka 2015 hapa Tanzania mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na nasema bila kusita kwamba ulikuwa uamuzi mzuri. Shida inaanza darasa la tatu. Masomo yanaongezeka, na ratiba inamhesabu mtoto kama mtu aliyekwisha hitimu kusoma. Tangu hapo hafundishwi tena kusoma. Anapewa tu vya kusoma, navyo ni vitabu vya kiada peke yake, na kila ukurasa una zoezi linalomsubiri mwishoni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza mtoto anachohitaji ni vitabu vingi vya hadithi ambavyo havina mtihani. Mnaofikiri hii ni anasa, tazameni Fiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wawili, Warwick Elley na Francis Mangubhai, walichagua shule nane za vijijini ambazo karibu hazikuwa na vitabu. Watoto walikuwa wa darasa la nne na la tano, nyumbani wanazungumza lugha zao, shuleni wanajifunza Kiingereza. Madarasa yakapelekewa vitabu vya hadithi vyenye picha, 250 kila darasa. Katika madarasa mengine watoto walisoma kimya kimya tu, katika mengine mwalimu aliwasomea kwa sauti na wakaongea pamoja kuhusu hadithi. Baada ya miezi minane walikuwa wamepiga hatua mara mbili ya kawaida katika kusoma na kuelewa. Hawakuletewa kompyuta. Waliletewa hadithi na wakaachiwa muda wa kuzisoma.

Na sisi wenyewe tulishawahi kulielewa jambo hili. Kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 70 haikumfundisha mtu mzima herufi kisha ikamwacha. Vitabu vyake viliongelea pamba, migomba, mifugo na uvuvi, mambo ambayo msomaji aliyajua kwa mikono yake. Zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini, na kule Kanda ya Ziwa lilikuwepo gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Wahusika walijua kwamba aliyejifunza kusoma, akikosa cha kusoma, baada ya muda anarudi alikotoka. Mtoto wa darasa la nne leo yuko katika hali hiyo hiyo.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umefanya kazi hiyo tangu 1991. Lakini nimeingia ofisi nyingi za walimu wakuu na nimevikuta vikiwa kabatini, kufuli imefungwa, vipya kabisa, "visije vikachakaa". Walimu wakuu mnaopita humu, nawaomba kwa heshima zote: fungueni kabati. Vichakae.

Sasa kuandika, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Darasa la tano, zaidi ya watoto sabini, niliwaambia waandike kuhusu mnyama wa nyumbani. Karibu wote walileta hivi:

*"Mbuzi ni mnyama anayefugwa. Mbuzi ana miguu minne. Mbuzi hutupatia nyama, maziwa na ngozi. Mbuzi hula majani. Tuwatunze mbuzi."*

Hakuna kosa hata moja hapo, na hakuna mbuzi. Ni kitabu cha sayansi kimerudishwa kwangu kwa mwandiko mzuri. Nikamwita mmoja wa walioandika hivyo, binti mkimya anayekaa nyuma. Kwenu mna mbuzi? Tunaye. Mmoja tu? Walikuwa wawili, mwingine kauzwa. Kauzwa lini? Akaanza kunieleza. Alipomaliza nikamwambia, nenda kaandike haya haya uliyoniambia. Kesho yake alileta hii, nimenyoosha tahajia tu:

*"Mbuzi wetu mweusi aliuzwa siku ya gulio. Baba alisema tunalipa deni la dawa ya bibi. Mimi ndiye nilimfunga kamba kwa sababu kwangu hakimbii. Mwenye pikipiki alimfunga miguu akampakia nyuma. Alikuwa ananiangalia mimi. Niliporudi nyumbani nilikuta majani niliyomkatia asubuhi bado yapo."*

Niliomba ruhusa yake nikalisomea darasa. Darasa lilinyamaza, halafu mikono ikapanda, kila mtu ana swali: bei gani? Bibi alipona? Mlinunua mwingine? Yule binti alijibu yote amesimama wima. Wiki iliyofuata insha zote zilibadilika. Kuku wakawa na rangi, mbwa wakawa na majina, na mmoja aliandika kurasa mbili kuhusu punda wa jirani ambaye hata si wao.

Sikuwa nimewafundisha sarufi mpya wala msamiati mpya. Walikuwa na lugha yote ile tangu zamani. Walichokosa ni mtu anayetaka kujua. Mtoto anayejua kwamba maandishi yake yatasomwa na mtu, yataulizwa maswali na atapewa nafasi ya kuyaandika tena, anaandika tofauti kabisa na anayejua yatapigwa vema na kurudishwa.

Na ile "kuandika tena" tumeiua. Insha inaandikwa mara moja, inasahihishwa, imekwisha. Mtoto anadhani kuandika ni kupatia au kukosa. Hajawahi kuona kwamba hata mwandishi mkubwa anafuta, anahamisha, anaanza upya. Mimi huwaandikia ubaoni aya yangu mwenyewe, kisha naifuta na kuitengeneza mbele yao huku nawauliza wanaonaje. Wanapenda sana, maana wanamwona mwalimu akihangaika kutafuta neno kama wao.

Nakaribisha michango. Wenye uzoefu tofauti msisite.

---

Mjukuu wa Nkoi

Mwalimu umegusa penyewe, ila ongeza na hili. Huku kwetu usukumani ndani ndani, mtoto anaingia darasa la kwanza anajua Kisukuma tu. Kiswahili anakikuta shuleni siku hiyo hiyo anayokutana na herufi. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Nilitamka kitabu chote cha darasa la kwanza kabla sijajua nusu ya maneno yake maana yake nini. Mwalimu wetu mmoja, Mungu amlaze pema, alikuwa akisoma hadithi kwa Kiswahili halafu anatuambia tumsimulie kwa Kisukuma. Wengine walimlaumu kwamba anachanganya lugha. Mimi nasema yule ndiye aliyenifundisha kusoma.

Mwalimu wa Kata

Nkoi, ahsante sana. Nimefanya kitu kinachofanana na hicho kwenye kuandika: mtoto anamsimulia mwenzake kwa lugha ya nyumbani kwanza, dakika chache tu, ndipo anaandika kwa Kiswahili. Anakuwa ameshajua habari yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Kazi inayobaki ni kutafuta maneno.

---

Mzee wa Mahudhurio

Mkuu, heshima yako, lakini haya ni mazuri kwenye karatasi. Mimi niko darasani leo. Nina watoto 120 kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa chini. Mada hazisubiri. Mthibiti ubora akija anaangalia andalio la somo na mazoezi yaliyosahihishwa. Na mtihani wa darasa la saba maswali mengi ni ya kuchagua herufi, mtoto anasiliba anaondoka. Niwaandikishe habari za mbuzi wa kwao halafu wafeli, mzazi atanielewa?

Mwalimu wa Kata

Mwalimu mwenzangu, sitakuambia kwamba 120 ni wachache. Hakuna mwalimu anayeweza kusoma insha 120 kwa wiki na kubaki na afya yake. Serikali inatudai matokeo na sisi tunaidai walimu, hilo lisemwe wazi kabisa.

Lakini angalia ninavyofanya. Kusoma: dakika kumi za mwisho za kipindi nawasomea hadithi kwa sauti, nakata pale utamu unapokolea. Sihitaji vitabu 120, nahitaji kimoja. Kesho wanakuja na hamu, na anayekiomba kitabu aendelee nacho nyumbani nampa. Kuandika: kwa siku napitia daftari za safu moja tu. Sisahihishi kila kosa. Nachagua kosa moja linalojirudia, mfano anayechanganya r na l, au anayeandika ukurasa mzima bila nukta, naye ashughulike na hilo tu. Chini naandika swali moja kuhusu alichokiandika. Safu nyingine wanabadilishana daftari na jirani, na jirani naye ni lazima aandike swali. Mthibiti ubora akija, daftari zina kazi nyingi kuliko zamani.

Kuhusu mtihani: hayo maswali ya kuchagua yanaanza na kifungu cha habari. Aliyezoea kusoma ili ajue kilichotokea anakimaliza mapema na anajua jibu liko wapi. Aliyezoea kutamka anabahatisha herufi. Sijaona mtihani ambao msomaji mzuri anaonewa.

---

Msomi wa Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu insha imekuwa na uzito mkubwa kwa miaka mingi. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa karatasi yenye alama 40. Mngedhani basi watoto wetu wanaandika vyema. Wengi walichofanya ni kukariri mapambo. Mwalimu anampa mwanafunzi orodha ya misemo na methali, naye anazipachika popote. Ukisahihisha insha hamsini, arubaini zinaanza asubuhi na mapema, jua likichomoza kutoka upande wa mashariki, ndege wakitumbuiza, mama akiwa jikoni akiandaa staftahi. Hata ikiwa kisa ni cha moto uliounguza bweni usiku wa manane, jua hilo litachomoza kwanza!

Niliwahi kumwomba mwanafunzi wangu afute ndege wote. Alibaki na mistari minne, na mistari hiyo minne ilikuwa ya kweli: alieleza alivyomtafuta kakake mdogo gizani akimwita kwa jina la utani la nyumbani. Tulianzia hapo. Kwa hivyo nakubaliana nawe, ingawa nyinyi mna tatizo la kunakili ubao na sisi tunalo la kunakili mapambo.

Mwalimu wa Kata

Mwalimu wa Kakamega, huo mfano wako nitauchukua kwa ruhusa yako. Methali ni mali yetu na mtoto azijue, lakini aisikie kwanza bibi akiitumia mahali pake. Akiipata kwenye orodha ataitumia kama muhuri.

---

Mama Wawili

Shikamoo mwalimu. Mimi si mwalimu, nina genge Mbagala. Mwanangu yuko darasa la nne, kusoma anajikongoja. Nyumbani hatuna kitabu zaidi ya vya dini, na jioni nimechoka. Nyie mnaongelea vitabu 250. Sisi tufanyeje?

Mwalimu wa Kata

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kazi. Una vitu vingi kuliko unavyofikiri.

Genge lina daftari la madeni, bila shaka. Mpe mwanao aliandike. Mama fulani kachukua nyanya za elfu moja na kitunguu kimoja, atalipa Ijumaa. Akikosea jina mteja atalalamika, akikosea hesabu wewe utapata hasara, kwa hiyo atajua kwa nini maandishi lazima yaeleweke. Mwache aandike ubao wa bei. Mpe orodha aiandike kabla hujaenda sokoni alfajiri, nawe uifuate kama alivyoiandika.

Kusoma, hivyo vitabu vya dini vina visa vitamu, anza navyo. Akusomee wakati unachambua mchicha, wewe usimsahihishe kila neno. Msikilize, kisha muulize: sasa huyo alifanya nini? Kama hukuelewa alichosoma mwambie kweli hujaelewa, arudie. Gazeti lililofungia vitumbua lina habari, hata ikiwa ya mwezi uliopita. Na siku ukienda mjini, Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Nenda naye mara moja akaone vitabu vingi vimekaa pamoja na watoto wenzake wakivisoma.

---

Form Four Hoi

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nipo kidato cha nne. Walimu huwa mnatusema kwamba tunasoma uchambuzi badala ya riwaya yenyewe. Ni kweli. Lakini darasani kwetu kitabu chenyewe kiko kimoja anacho mwalimu, uchambuzi unatolewa kopi. Na mtihani unauliza dhamira, wahusika, hoja tatu kutoka kila kitabu. Uchambuzi una hizo hoja tayari. Masomo mengine yote ni kwa Kiingereza, tunameza madesa, yaani notisi za kukariri, kama yalivyo kwa sababu ukijaribu kuandika kwa maneno yako unakosea sarufi unakatwa maksi. Niambieni ningefanya nini tofauti.

Mwalimu wa Kata

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Umeandika vizuri, hoja imesimama, na umeuliza swali la haki.

La lugha si kosa lako. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu yetu, ilipendekeza mwaka 1982 sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985, likakataliwa, na tangu hapo kila kizazi kinaingia kidato cha kwanza Januari na kukuta masomo karibu yote yamegeuka lugha. Mtu anayesoma kwa lugha asiyoimudu atameza, kwa sababu hana njia nyingine ya kulibeba somo hadi chumba cha mtihani. Kinachonisikitisha ni kwamba miaka saba ya Kiswahili nayo hatukuitumia kumzoesha kuandika ya kwake. Angekuwa amezoea, angehamisha mazoea hayo kwenye Kiingereza hata akiwa na maneno machache.

La kufanya sasa, kwa muda ulionao. Mwombeni mwalimu hicho kitabu kimoja, mkae watu sita, mmoja asome kwa sauti wengine wasikilize, mpokezane. Riwaya za kidato cha nne si ndefu, mtaimaliza. Ndipo mfungue uchambuzi, na mahali popote mnapoona mchambuzi kasema jambo ambalo nyie hamkuliona kitabuni, bishaneni naye. Andikeni hoja yenu na mfano wenu. Msahihishaji anayepitia jibu lile lile siku nzima akikutana na mfano alioutafuta mwanafunzi mwenyewe, anaona.

Kwa Kiingereza, kila ukimaliza kusoma desa, lifunike, andika sentensi tatu za kwako kuhusu ulichoelewa. Zikiwa na makosa, sawa. Mpe rafiki azisome aseme kama kaelewa. Hizo hazikatwi maksi na mtu.

---

Mzee wa Mahudhurio

Mkuu, nitajaribu hiyo ya safu moja kwa siku. Ila tupe hayo maswali unayoandika chini ya insha, maana mimi nimezoea "vizuri" na "ongeza bidii".

Mwalimu wa Kata

Bila shaka. Haya ni baadhi, nayanakili kutoka daftari za watoto nilizo nazo mezani sasa hivi:

"Umesema shangazi alikasirika. Alifanya nini ndipo ukajua amekasirika?"

"Mvua ilinyesha mkiwa njiani. Mlijificha wapi, na nani alilowa zaidi?"

"Hapa umeandika 'tulifurahi sana' mara nne. Ni furaha ipi kati ya hizo ilikuwa kubwa? Nieleze hiyo moja."

"Nimefika mwisho sijajua kama kaka alirudi. Alirudi?"

"Umetaja harufu ya mafuta ya taa. Sikujua kama bado mnatumia kibatari. Nani anakizima usiku?"

Jaribu wiki mbili halafu urudi hapa utuambie wamejibu nini.